Kushona Alumini

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Pindo, na hakuna aliyekumbuka ni nani alianza kumwita hivyo. Jina lilimkaa kwa sababu alikuwa fundi nguo ambaye pindo lake halionekani. Suruali ikiingia kwake ndefu ikatoka fupi, ungeapa ilizaliwa hivyo. Miwani ilining'inia puani, futi ya kupimia ikaning'inia shingoni, na ile futi hakuivua hata akienda kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka: cherehani ya kukanyaga aliyoirithi kwa baba yake, cherehani ya umeme aliyoinunua mwenyewe, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona moja, na kiti cha ofisini chenye magurudumu. Hicho kiti alikipenda kupita kiasi, maana kilimtoa mezani kikamfikisha kwenye cherehani bila yeye kusimama.

Maana Pindo alikuwa na kasoro moja, na mkewe, ambaye ni muuguzi, aliitaja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini: alikuwa mvivu wa kunyanyuka.

Uvivu huo ndio uliomponza. Siku moja mchana alihitaji bitana ya rangi ya maziwa, na bitana hiyo ilikuwa rafu ya juu kabisa. Ngazi ilikuwa uani. Uani palikuwa mbali, kama hatua za kutosha kuchosha mtu aliyeshiba. Lakini pale pale mlangoni mwa chumba cha pili kilisimama kigari cha mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwao baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Alikuwa mama mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya mtu mrefu. Hospitali ilimpa kigari cha kutembelea cha alumini, kile chenye miguu minne, ya mbele ikiwa na magurudumu madogo, na alikisukuma nyumba nzima kama anayekagua mali yake. Muda huo alikuwa amelala, akikoroma kwa mpangilio.

Pindo akakivuta kigari taratibu mpaka chini ya rafu. Akakipanda. Mguu wa kulia ukapata pa kukaa, wa kushoto ukapata pa kukaa, mkono ukanyooka, ncha za vidole zikagusa bitana. Kikasema "kwaa!" na Pindo akashuka kwa njia ya haraka, bitana ikamfunika kichwani.

Alipojifunua, aliona mguu mmoja wa mbele wa kigari umekatika pale bomba lilipoungana na jingine. Kule chumbani mkoromo ukasimama. Pindo naye akasimama kupumua. Mkoromo ukaendelea.

Akafanya alichojua. Alipaka gundi, akaunganisha, akauzungushia ule mguu kitambaa cheupe, akakishona kwa mkono mshono safi usioonekana. Akarudisha kigari mahali pake, akakaa kwenye cherehani na uso wa mtu asiye na habari.

Mama mkwe aliamka, akachungulia, akauliza, "Mkwe, mbona kigari changu kimefungwa bandeji?"

"Nimekipamba tu, mama."

"Umekipamba mguu mmoja?"

"Nilitaka nione kwanza kama utapenda."

Mama mkwe akakishika, akaegemea. Bandeji ikajikunja kama soksi iliyolegea. Bahati yake mkono mmoja ulikuwa bado kwenye kitasa cha mlango. Akamwangalia mkwewe, kisha akaangalia bitana iliyomwagika sakafuni na rafu iliyokuwa juu yake.

"Baba," alisema, na akimwita baba ujue mambo si mazuri, "niletee hicho kiti chako cha magurudumu."

Kuanzia hapo Pindo hakuwa na kiti. Mama mkwe alikaa juu yake kama abiria aliyelipia, na dereva alikuwa Pindo. "Nipeleke jikoni." Akampeleka. "Nipeleke dirishani." Akampeleka. "Nirudishe, dirishani hakuna kitu." Mtu aliyekuwa mvivu wa kunyanyuka sasa hakupata nafasi ya kukaa. Mkewe aliporudi kazini akasikiliza kisa chote, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka ghafla. "Vigari vya hospitali vimeisha, nimeuliza leo leo kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kitengeneze wewe. Na ukikirudisha kwa gundi, utakitumia mwenyewe, maana nitakuvunja mguu."

Kesho yake Pindo alikwenda kwa wachomeleaji wa barabara kubwa, wale wa mageti na madirisha. Wa kwanza alikigonga kigari kwa ukucha, akakirudisha kama aliyepewa nyoka. "Hii siyo chuma, mzee. Hii alumini. Nikiigusa na mashine yangu inakuwa uji." Wa pili alisema yeye anaweza kabisa, akaingia ndani kutafuta vifaa, akatokea mlango wa nyuma akaenda zake. Wa tatu alimwambia ukweli: alumini inataka mashine ya TIG, na mashine ya TIG pale mtaani hakuna.

Ilikuwepo. Ilikuwa stoo kwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa mtu wa mashine. Hakuwa fundi, alikuwa mnunuzi. Alishanunua mashine ya kutotolea vifaranga iliyotoa kifaranga mmoja mwenye kiburi, na mashine ya kufyatua matofali ambayo kitu cha kwanza kufyatua kilikuwa kidole chake. Ile ya TIG aliinunua akiwa na mpango wa kufungua karakana, na mpango ukaishia kwenye kibao cha jina. Aliposikia habari za kigari alifika na kila kitu nyuma ya pikapu: mashine, mtungi wa gesi ya agoni, kofia mbili za kuchomelea na mzigo wa vijiti vya alumini vyembamba.

"Shemeji, hii kitu inachomelea chochote," alisema, akishusha mtungi kwenye banda la kufulia uani.

"Wewe umeshachomelea nini?"

"Mimi? Mimi nimeisoma."

Mama mkwe, aliyekuwa amesukumwa mpaka uani ili asipitwe, aliukazia macho mtungi. "Hiyo gesi, ikiisha kazi mnipe nipikie."

"Haiwaki hii, mama," mwanawe akamwambia. "Kazi yake ni kufukuza hewa isiguse pale panapoyeyuka."

"Gesi isiyowaka," mama mkwe alisema. "Na wewe ukainunua."

Shemeji akajifanya hakusikia. Akamwonyesha Pindo vifaa kimoja kimoja. Mkono wa kulia unashika tochi, na ndani ya tochi kuna ncha kali ya tungsteni, nyembamba kama sindano. Mkono wa kushoto unalisha kijiti, kidogo kidogo, kama uzi. Mguu unakaa kwenye pedali, ukikandamiza moto unapanda, ukilegeza unashuka.

Pindo alitazama sindano, akatazama uzi, akatazama pedali. Uso ukamfunguka kama pazia. "Shemeji! Hii si cherehani hii?"

"Cherehani tupu."

"Kumbe miaka yote hii mimi ni mchomeleaji na sikuambiwa!"

Alichukua kipande cha fremu ya dirisha, akakiweka kwenye meza ya chuma, akavaa kofia, akatega tochi, akakanyaga pedali kama alivyozoea kukanyaga ile ya umeme mteja akiwa amesimama mlangoni: mpaka chini. Mwale ulilia zzzzz, wa buluu, mkali. Sasa chuma kikipata moto kina adabu, kinakuwa chekundu ili ujue. Alumini haisemi. Kile kipande kilikaa kimya kinang'aa kama mtoto anayesikiliza mahubiri, kisha kikatoa jasho, kisha hakikuwepo. Kilidondoka chini ya meza kama kamasi la fedha, na Pindo akaendelea kuchomelea hewa kwa bidii.

"Imeshika?" aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Imeshika kiatu chako," shemeji akajibu.

Pindo akaruka, akapiga teke, akavua kiatu akakitupa kwenye ndoo ya maji ambayo mkewe alikuwa amelowekea sare yake ya kazi. Shemeji akakumbuka ana miadi mahali, akaondoka na pikapu yake.

Siku zilizofuata Pindo alipokea nguo asubuhi, mchana akahamia banda la kufulia. Kwa kuwa kukanyaga pedali mpaka chini kulimletea hasara, alibadili, akaanza kuikanyaga kama cherehani ya baba yake, kisigino na kidole, kisigino na kidole. Moto ukawa unakuja na kwenda. Zzz, kimya, zzz, kimya. Kila alumini ilipoanza kulainika ikapoa, na kila alipoleta kijiti kikagoma, kikajikunja na kuwa kitufe. Halafu tungsteni ikagusa kile kidimbwi cha alumini iliyoyeyuka, ikavimba ncha kama kidole kilichong'atwa na nyuki, na ikabidi ang'oe, anoe upya kwenye jiwe, arudishe. Aligusa tena. Akanoa tena. Mwisho wa siku alikuwa amenoa zaidi ya alivyochomelea, na tungsteni ilikuwa fupi kama msumari wa kiatu.

Kingine, hakufunga kola. Ule mwale unaunguza ngozi kama jua la mchana kutwa, na Pindo aliinama juu yake shati likiwa wazi na futi ikiwa shingoni kama kawaida. Jioni mkewe alimtazama kifuani akasogea karibu. Ngozi yote ya shingo na kifua ilikuwa imeiva, isipokuwa mistari miwili iliyonyooka, upana wa ile futi ya kupimia, ikishuka kulia na kushoto.

"Hata ukiivua," mkewe alisema, akimpaka dawa bila huruma, "umeivaa. Kesho funga vifungo, vaa glavu, na huyo mama yangu asiangalie ule mwanga bila kofia. Sitaki wagonjwa wawili nyumbani, mmoja ananitosha na huyo ni wewe."

Mama mkwe hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Aliichukua ile kofia ya pili, akaivaa, na hakuivua. Ilimpendeza kwa sababu ndani yake aliweza kusinzia bila mtu kujua. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu nje ya banda, akiwa na kanga mabegani na uso mweusi wa kioo, mpaka mwuza maziwa alipoingia uani, akamwona, akaweka chupa chini na kurudi kinyumenyume.

Alikuwa msaidizi pia, kwa namna yake.

"Mama, nisaidie tochi," Pindo alimwambia siku moja akiwa ameinama, mkono nyuma.

Akawekewa kitu mkononi. Akakileta mbele, akainamisha kofia, akakanyaga pedali. Hakukuwa na mwale. Akakanyaga zaidi. Akafunua kofia akajikuta ameelekeza kwenye bomba tochi ya betri, ya kumulikia chooni.

"Si umesema tochi?" mama mkwe akauliza. "Hiyo ina betri mpya."

Mbaya zaidi, uchomeleaji ulianza kuingia dukani. Mchomeleaji anaposhika kazi hutikisa kichwa mara moja kwenda chini ili kioo cha kofia kishuke usoni, na Pindo alikuwa ameshalizoea hilo. Sasa kila alipokaa kwenye cherehani, kabla ya kuanza mshono, alitikisa kichwa. Wateja wakadhani anawasalimia, wakatikisa na wao. Akitaka kushona upande wa pili anatikisa tena, na wao wanatikisa tena. Mwalimu mmoja aliyekuja kubana gauni alitoka pale shingo inamuuma. Bwana mmoja mwenye suti aliambiwa na Pindo, kwa sauti ya upole, "Rudi nyuma kidogo baba, nisikuunguze."

Hata hivyo mistari yake ya alumini ilibaki mibovu. Ilikuwa myeusi, ina masizi, ina vinundu, na ukigonga inabanduka. "Kama kuku kapita kwenye matope," mama mkwe alisema kupitia kioo chake, na ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo alipoingia Mzee Matangi.

Mzee Matangi aliishi nyumba ya upande wa kushoto, peke yake na televisheni ya zamani yenye kisogo. Siku hiyo aligonga lango kama anayetaka kuling'oa. Alikuwa na ndara mguu mmoja, rimoti mkononi, na hasira iliyomtangulia.

"Nani ana mtambo humu?" alifoka. "Kila mpira ukifika golini, picha inakuwa mchele! Timu yangu imefunga leo na mimi nimeona mchele!"

"Shikamoo mzee," Pindo alisema, akifunua kofia. "Ni mimi. Nachomelea alumini. Mashine ikiwasha mwale inatupa mawimbi, nadhani..."

"Unachomelea nini?"

"Alumini."

Mzee akasogea, akakiokota kile kipande kilichokuwa mezani. Akakigeuza. Akakinusa. Kisha kicheko kikamjia kutoka mbali, kikampanda tumboni, kikamfikia mabegani, mpaka akatafuta pa kukaa na asipate, akakaa juu ya ndoo.

"Samahani," alisema akifuta macho kwa rimoti. "Samahani sana. Mimi nimechomelea matangi ya maziwa ya alumini maisha yangu yote ya kazi. Nimeona mistari mibovu. Lakini hii, kijana wangu, hii sijui hata niiite nini. Hii umechomelea au umepiga chafya?"

Kutoka kwenye kiti cha magurudumu ile sauti ya mtu mrefu ikasema, "Mimi nilimwambia kuku."

Mzee Matangi akageuka, akaona kofia nyeusi yenye kanga, akashtuka mpaka akatumbukia ndani ya ndoo, akabaki miguu juu. Pindo alimvuta kwa mikono miwili, ndoo ikaja naye. Mama mkwe alifunua kioo kuona vizuri zaidi. Mzee akamwona uso, akakaa sawa kadiri mtu anavyoweza akiwa kwenye ndoo, akasema, "Shikamoo... hapana, habari za hapa, mama?"

"Nzuri," alijibu mama mkwe. "Toka kwanza kwenye ndoo, ndiyo tusalimiane."

Walikubaliana hivi: mzee atamfundisha Pindo, na Pindo hatawasha mashine wakati wa mpira. Gharama ya chai na mkate ilikuwa juu ya Pindo, jambo ambalo mzee alilitaja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Hakuwa mwalimu mpole. Kwanza alichukua brashi ya waya iliyokuwa mezani, akauliza imetumika wapi. Pindo akasema kwenye geti. Mzee akaitupa juu ya paa. "Alumini ina ngozi yake, huioni. Ngozi hiyo ni ngumu kuyeyuka kuliko nyama iliyo ndani. Usipoisugua kwa brashi safi, ambayo haijawahi kugusa chuma, utachoma mpaka uzeeke." Kisha ifutwe mafuta. Asetoni, dawa ya kufutia mafuta, haikuwepo, ila ilikuwepo chupa ya mkewe ya kufutia rangi ya kucha, na mzee alisoma karatasi yake akaikubali, mradi ikauke kabisa na chupa ihamishwe mbali kabla moto haujawashwa. Mkewe alipoitafuta ile chupa Jumapili, vidole vitano vikiwa vyekundu na vitano vya bluu, palikuwa na maneno ambayo hayahusu hadithi hii.

Baada ya hapo mzee akaufuata ule mguu. "Unakanyaga kama unakimbizwa. Tulia. Anza na moto wa kutosha, subiri uone kidimbwi kinang'aa kama kioo. Kikishang'aa, ndiyo unagusa kijiti, unatoa, unasogea. Bomba likishapata joto, legeza mguu, maana alumini ikipata moto haisahau. Na ukifika mwisho usikurupuke kuondoka. Shusha moto polepole, jaza kishimo, kaa hapo hapo na tochi mpaka gesi imalize kupuliza."

"Kama kufunga uzi mwisho wa mshono," Pindo alisema.

"Sijui mambo ya uzi mimi. Fanya."

Alifanya. Alikata mabomba ya kiti cha kukunja kilichooza kitambaa, akaunganisha, akavunja, akaunganisha. Mzee alikuwa na mtindo wa kufumba macho na kusikiliza tu. "Umeinua tochi mno," alisema akitafuna mkate. "Sauti imekuwa ya mbu. Nataka ya nyuki." Na mama mkwe, ambaye sasa alikuwa amesogezwa karibu na upande wa mkate, alianza kusikiliza pia. "Mbu," alitangaza. "Mbu. Mbu. Nyuki. Mbu tena, mkwe."

Ikaja siku ambayo ilikuwa nyuki tangu mwanzo mpaka mwisho. Pindo alifunua kofia na hakuamini. Mstari ulikuwa mweupe, meno yamelaliana sawasawa kama zipu iliyofungwa. Alikibeba kile kipande cha bomba, kikiwa bado cha moto ndani ya glavu, akazunguka nacho dukani akimwonyesha mteja mmoja mmoja. Wateja wakatikisa vichwa.

Kazi yenyewe ilipangiwa Jumamosi. Kigari kiliwekwa mezani miguu juu. Pindo alisugua, akafuta, akapatanisha bomba na bomba mpaka nafasi kati yake ikapotea. Mzee Matangi akamwambia, "Shika kwanza kwa nukta upande huu, na nukta upande wa pili, ndipo ujaze. Usiposhika pande zote, ikipoa itavuta." Pindo akaitikia, akashika nukta ya kwanza. Wakati huo huo mzee akatazama saa yake akapiga kelele, "Mpira!" akaondoka mbio na mkate wake.

Mpira maana yake mashine izimwe. Lakini mguu wa Pindo ulikuwa kwenye pedali, kidimbwi kilikuwa kinang'aa kama kioo, na nyuki alikuwa anaimba vizuri kuliko siku zote. Akajiambia ni dakika chache tu. Akajaza mstari mzima, kwa raha, bila kugusa tungsteni hata mara moja. Ile nukta ya upande wa pili haikumjia kichwani kabisa. Kutoka nyumba ya jirani ukasikika ukelele mrefu wa mtu aliyeona mchele.

Mshono ulikuwa mzuri, hilo hakuna wa kumnyang'anya. Mkewe alikuja na uso wa hospitali, akaamuru majaribio. Kwanza Pindo mwenyewe aliegemea, akaning'inia, akarukaruka. Kisha mkewe akakaa juu ya reli ya mkono. Mzee Matangi alipokuja kugombana kuhusu goli alilokosa, naye akapandishwa kabla hajamaliza sentensi. Kigari hakikutoa hata sauti. Mzee aliupitisha mshono kidole gumba, akatafuta kosa, akakasirika kwa kutoliona. "Huu," alisema hatimaye, "ningeuweka kwenye tangi." Pindo akageuka ukutani kidogo, akajifanya anafuta miwani.

Mama mkwe akashuka kwenye kiti cha magurudumu. Akashika kigari kwa mikono miwili, akaelekea mlango wa jikoni uliokuwa mbele yake. Akafika kwenye tanki la maji.

"Mama, jikoni ni huku," binti yake alisema.

"Najua jikoni ni wapi."

Akajipanga upya. Akaenda. Akafika tena kwenye tanki la maji. Mzee Matangi akapiga magoti, akatazama kwa jicho moja kutoka mguu mpaka mguu. Ule mguu uliochomelewa ulikuwa umevutwa kidogo wakati wa kupoa, kiasi cha unene wa kijiti cha kiberiti tu, lakini gurudumu lake lilikuwa linatazama kushoto.

"Ulishika upande wa pili?" mzee akauliza.

Pindo alitazama angani.

"Nakata naanza upya, mama," alisema. "Naweza sasa. Nipe Jumatatu."

Mama mkwe alikuwa ameshaondoka. Alikuwa amelielekea lango, akisema anakwenda dukani kununua sukari. Duka lilikuwa kulia. Wote watatu wakamfuata kwa macho mpaka barabarani. Kigari kikazungumza na barabara kidogo, kikapinda polepole, kwa heshima, kushoto, kikaingia kwenye baraza la Mzee Matangi na kusimama mbele ya kiti chake cha pili, ambacho hakikuwa na mtu.

"Kaa tu hapo, mama!" mzee alipaza sauti, akitafuta ndara yake. "Kipindi cha pili hakijaanza!"

Jumatatu Pindo aliwasha mashine, akanoa tungsteni, akaenda kuchukua kigari. Mama mkwe alikuwa amekishika kama usukani.

"Usikiguse."

"Lakini mama, kinavuta kushoto."

"Kinakwenda ninapokwenda. Na wewe mshono wako si umesema ni mzuri? Mbona unataka kuufumua?"

"Na kurudi nyumbani je? Kikivuta kushoto tu, utarudije?"

Hilo halikumshinda mama mkwe. Alitoka kwa Mzee Matangi jioni, akageuka kushoto kwenye kona ya kinyozi, kushoto tena nyuma ya ukuta wa shule, kushoto tena kwenye uchochoro wa mafundi baiskeli, na akaingia nyumbani kwa mlango wa uani, mbele ya banda la kufulia, akiwa amezunguka mtaa mzima na kusalimia kila mtu. Daktari wa nyonga alipomwona mwezi uliofuata alishangaa, akauliza ni nani aliyempangia mazoezi ya kutembea kiasi hicho. Muuguzi, binti yake, akasema, "Ni mume wangu," akaishia hapo.

Kiti cha magurudumu kilirudi kwa Pindo, na akagundua hakikumpa raha kama zamani. Akikaa sana miguu inamuwasha. Watu wakaanza kumletea sufuria zilizochoka mishikio, fremu za madirisha, na siku moja trei kubwa ya hoteli iliyopasuka katikati. Shemeji aliposikia alikuja na pikapu kuchukua mashine yake, akisema kwamba yeye siku zote alijua kuna biashara hapo. Akaishusha kwake, akavaa kofia, akakanyaga pedali mpaka chini.

Jioni aliirudisha mwenyewe, akitembea bila kiatu kimoja.